Khalifa Aliyembusu Nduguye

Hamdun alikuwa na kifua kipana na sauti nzito, na alipoambiwa kwamba yeye ndiye atakayecheza khalifa, hakushangaa. Alijiona anafaa. Kilichomkera ni jinsi khalifa mwenyewe alivyoandikwa.

Mchezo ulitungwa na Vincent, fundi umeme wa Kikenya aliyewakusanya waigizaji Waswahili wa Riyadh katika ukumbi wa kukodi huko Al-Murabba. Ndani yake Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alikuwa zuzu tu. Anaburutwa na mama yake, anapinduliwa, anarudishwa, mwisho anauawa.

"Wasee wanataka kucheka, bro," Vincent alimwambia. "Wiki nzima waajiri wao, hao makafili, wamewachosha. Ukirudi kwa kiti, mchape brother yako kofi moja safi. Ukumbi utalipuka."

Nduguye khalifa, al-Qahir, alichezwa na Usama, mhasibu mwembamba aliyekwisha kuzoea kupigwa makofi ya mazoezi.

Sikukuu ikaingia, Hamdun akaenda Jeddah kwa mama yake. Bi Badriya, Mzanzibari aliyefundisha historia mpaka akastaafu, alikuwa jikoni kwake Aziziya akikunja sambusa. Hamdun akamsimulia mchezo mzima.

"Alikuwa mtoto wa miaka kumi na tatu," mama akasema. "Wakubwa walimkalisha kwa kuwa ni mdogo, wapate kumwendesha. Hajakaa sawasawa, wengine wakamtoa ili wamweke jamaa yake. Watu wake wakampigania, akarudi. Leo nyie mnamcheka ati hakuwa na busara!"

"Lakini si alikuwa mfujaji, mama?"

"Alikuwa, sikatai. Alikuta hazina imejaa, akaiacha nyeupe. Mawaziri aliwabadilisha kama kanzu. Hata jeshi likamchoka, likamng'oa, likamweka nduguye. Siku mbili tu, askari wakagombana, akarudishwa. Unajua alimfanya nini yule ndugu?"

"Kwetu anampiga kofi."

Bi Badriya akaiweka chini sambusa. "Alimwita karibu akambusu kipaji cha uso. Akamwambia, ndugu yangu, huna kosa, walikulazimisha. Mtu mwenye nguvu ya kuua, mwanangu, na hakuna ambaye angemlaumu."

Hamdun akarudi Riyadh na maneno hayo kifuani. Vincent hakutaka kuyasikia.

"Kofi linabaki. Halas."

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Ilikuwa Ijumaa, na wadada wa kazi za ndani waliopewa ruhusa na madam zao walijaza viti vya mbele, vicheko vyao vikimfuata khalifa kila alipofungua kinywa. Hamdun hakubabaika. Alijua atakalofanya, na hakumwambia mtu.

Usama akasukumwa mbele ya kiti, akapiga magoti. "Roho yangu, ewe Amirul-Muuminina! Niachie roho yangu!" Akafumba macho akilingoja kofi. Watu walikwisha kuanza kucheka.

Hamdun akashuka kitini taratibu. Akamshika Usama mabega, akamwinua, akambusu kwenye paji la uso.

"Ndugu yangu, huna kosa. Walikulazimisha."

Vicheko vikakatika. Usama akafumbua macho, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya kuigiza. Nyuma ya pazia Vincent alijishika kichwa.

Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena khalifa. Mwishoni alipovaa joho kwenda kukabiliana na jemadari wake mwenyewe aliyemwasi, mwanamke mmoja wa mbele alisimama akapiga kelele, "Usiende! Watakuua hao!" Wenzake wakaitikia. Hamdun akawatazama, akanyoosha shingo, akatoka. Walipoletewa habari ya kifo chake, wengine walijifuta macho kwa ncha za mitandio.

Onyesho lilipokwisha, Vincent akamkuta Hamdun akivua kilemba.

"Umenitoa jasho, buda."

"Najua."

"Ungeniharibia show yangu."

"Isingeharibika," Hamdun akasema.

Vincent akataka kukasirika, ikamshinda, akacheka. "Sawa. Kuanzia leo hiyo busu iko ndani. Na Jeddah wametuita, nimepigiwa simu sasa hivi."

Roselyne, aliyecheza mama wa khalifa, akaingia na taji lake la karatasi mkononi.

"Na mimi je?" akauliza. "Huyu mama alikuwa mtumwa akaja kuendesha dola nzima, na wewe umeniandikia kupiga mayowe tu. Jeddah siendi na mayowe."

Vincent akavuta kiti. "Haya, yalla, kaa hapa. Niambie unataka kusema nini."

Roselyne akakaa, na hakuhitaji kufikiri.