Maski Niliyoifua

Nimefanya kazi Kisumu, Tororo, mpaka Juba, na sijawahi kutetemeka kama siku ile Malaba.

Nilikuwa mlinzi wa stoo ya mahindi ya mama mmoja, Fazila. Mtu wa dawa ya wadudu alikuwa Osukuku. Anaweka vidonge chini ya turubai, gesi inatoka, dumuzi wanakufa. Siku ya pili upepo ukafunua turubai upande mmoja, ikabidi aingie alirudishe. Akavaa maski ya stoo, ya mpira, ile yenye vikopo viwili vya kuchuja hewa mashavuni.

"Ee mzee, mbona inang'aa hivi? Inaenda harusi?" akaniuliza.

"Nimeifua Jumamosi. Vikopo nimeloweka kwa sabuni ya unga, nikaanika kwa ua."

"Ungekuwa mwanamke ningekuoa," akacheka, akaingia, akavuta mlango.

Malaba vumbi la malori halimwachi mtu, na kitu cha vumbi kinafuliwa. Shati, viatu, glavu, hata kamba ya ng'ombe. Sikuona kosa lolote.

Fazila akafika kutoka Amagoro. Nikamweleza Osukuku yuko ndani, nikajisifu kwa kazi yangu ya Jumamosi. Akasimama kama aliyepigwa kofi.

"Vikopo umetia maji?"

"Maji na sabuni, mama."

"Mzee! Ndani ni makaa, ndiyo yanashika gesi! Yakilowa yamekwisha! Muuzaji aliniambia, na mimi sikuwaambia. Yarabi!"

Nikaukimbilia mlango, Fazila akanidaka koti.

"Wewe utavaa nini? Maski ni hiyo moja!"

Tukaifungua milango yote miwili, tukarudi nyuma upande upepo unakotoka, tukapiga mabati ya stoo kwa mawe.

"Osukuku! Toka! Tambaa utoke!"

Nikaita tena mpaka sauti ikakatika. Ndipo tukasikia kikohozi, akatokea kwa magoti. Tukamburuta mbali, tukamvua maski, akatapika.

"Kulinuka kama kitunguu saumu," akasema. "Nikadhani ni sabuni yako."



Gari la jirani likatukimbiza hospitali, Kocholia. Wakamwekea oksijeni. Daktari akasema gesi hii humgeuka mtu hata baada ya saa nyingi, kwa hivyo halali nyumbani, na tusubiri.

Jioni mkewe Maurine akafika na chupa ya chai. Alikuwa amesikia nusu tu ya habari. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, wanasema ni wewe ulipiga kelele. Umeniokolea mtu."

Ningeweza kunyamaza. Fazila alikuwa anaangalia sakafu.

"Mama," nikasema, "ni mimi niliiharibu hiyo maski."

Akanitazama, mdomo wazi. Mkono wangu hakuuachia, aliubana mpaka ukauma.

"Rudia," akasema. "Polepole. Nieleze kila kitu."