Siku ya Kujieleza

Ikupa alikuwa katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa usharika, anayapanga maneno yake kichwani, Mwalimu Emiliani alipoingia anachekelea na kumwambia kwamba baba mkwe wake amefika kutoka Masukulu, tena amekalishwa kiti cha mbele kabisa. Ikupa alishika ukingo wa meza. Kijasho chembamba kilimtoka, na Tukuyu asubuhi ile ilikuwa ya baridi na manyunyu kama kawaida yake.

Huyu Emiliani tusimchukie bure. Alikuwa mtu wa Kigoma, mwalimu aliyehamishiwa huku mwaka uliopita, mtu wa watu, ila mwenye haraka ya kutenda wema kabla hajauliza. Ndiye aliyekuwa katibu wa muda wa Vilabu vya Ulumbi, vile vilabu vilivyochipuka mkoani Mbeya baada ya vyama vingi kuruhusiwa, watu wakawa wanakutana Jumamosi kujifunza kusimama na kusema mbele za wenzao. Na walihitaji kujifunza, jamani. Miaka nenda miaka rudi kazi yetu mikutanoni ilikuwa kupiga makofi. Siku hiyo wajumbe wa wilaya zote walikuwa wamekuja kupanga uongozi wa mkoa: kanda ziwe ngapi, nani avitembelee vilabu vya vijijini, nani awe mwenyekiti. Wagombea uenyekiti walikuwa wawili, bwana mmoja wa Kyela aitwaye Nsajigwa, na Ikupa, muuguzi wa kliniki ya watoto, mkazi wa Bulyaga. Kila mmoja angesimama ajieleze, halafu kura.

Sasa Emiliani aliwaza kwamba mgombea akimwona mzazi wake amekaa mbele atapata nguvu. Huko kwao labda ndivyo. Kwa Wanyakyusa mwanamke humtila baba mkwe wake: hamtazami, hasemi naye, hatamki jina lake, na akimwona kwa mbali njiani anajitosa migombani mpaka apite. Wapo wa mjini waliokwisha kuacha hayo, wanakula meza moja na wakwe zao na hakuna aliyekufa. Hata Ikupa angeacha, kama si yale ya darajani.

Mwaka juzi, akiwa na mimba yake ya kwanza, alikutana uso kwa uso na Mzee Asajile kwenye daraja la miti kule Masukulu, mahali ambapo hakuna mgomba wala kichaka cha kujificha. Walitazamana. Wiki haikuisha, mimba ikatoka. Mama mkwe hakumlaumu hata kidogo. Alimwambia ndaga, ndiyo pole ya kwao, akageuka kuchochea moto. Ikupa mwenyewe ndiye anayewafundisha wanawake kila siku kwamba mimba hutoka kwa malaria, na wiki ile alikuwa na malaria kweli, alipimwa. Alilijua hilo vizuri. Lakini aliogopa, na kujua hakukumpunguzia kitu. Na sasa alikuwa na mimba nyingine, ya miezi minne, isiyoonekana bado, ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa mumewe Lugano. Naye Lugano alikuwa Kyela, ananunua mpunga. Tangu biashara ifunguliwe, kukaa nyumbani kwake ilikuwa bahati.

Aliyemfumbua macho Emiliani ni Mama Andongwisye, mama wa makamo anayeongoza klabu ya Ikuti, aliyekuwa akimsaidia Ikupa kufunga kilemba. Alimweleza mila yote kwa sauti ya chini. Emiliani alipauka. Akasema basi ataenda sasa hivi amwombe mzee atoke nje, na Mama Andongwisye akamshika mkono kabla hajafika mlangoni. Mzee wa watu aliyeitwa kwa heshima, atolewe mbele ya macho ya mkoa mzima kwa sababu ya mkwe wake? Aibu hiyo ingefika Masukulu kabla mwenyewe hajafika, na ingeitwa kwa jina la Ikupa.

Angeweza kujitoa. Alifikiria hivyo, akiwa amekaa, mkono tumboni kana kwamba anarekebisha mshipi. Lakini tuseme ukweli, uenyekiti ule aliutaka. Alikuwa na mpango wake wa kupeleka vilabu kwa akina mama wa vijijini, wale ambao kliniki humsikiliza hadi mwisho bila kuuliza swali, halafu wanakwenda nyumbani na swali lao. Basi wakakata shauri pale pale, yeye na Mama Andongwisye. Angeingia amejifunika kitenge kichwani, angepita ukutani ukutani mpaka kwenye ubao, achore ramani ya mkoa, na aseme yote huku ameuelekea ubao. Hatamwona, wala hatasema naye. Akisema na ubao, nani atamlaumu?

Alipiga moyo konde, akaingia.

Aliona sakafu tu. Aliona miguu ya viti, viatu vya wajumbe vyenye tope, na pale mbele jozi ya mabuti ya mpira yaliyooshwa vizuri, mikunjo ya blanketi la sufu ikining'inia juu yake. Alifika kwenye ubao akachukua chaki, akauchora mpaka wa Chunya umepinda. Akaanza. Alisema mkoa ugawanywe kanda, na kila kanda iwe na mlezi wake anayezunguka, badala ya wanavijiji kuitwa mjini kila mara. Nyuma yake alisikia wajumbe wa mbali wakinong'ona. Kanuni ya kwanza ya vilabu vile ni kumtazama msikilizaji machoni, na huyu mgombea anawapa mgongo! Wanyakyusa waliokuwemo hawakunong'ona. Walikwishaona nani amekaa mbele, wakanyamaza kwa namna iliyomtisha Ikupa kuliko minong'ono.

Kila sentensi aliisema kwa mdomo huku masikio yake yako tumboni. Kuna maumivu? Hakuna. Pale je, chini ya kitovu? Hakuna. Alikuwa anasema na ubao na bado alihisi amelivuka jambo ambalo halivukwi, na kwamba malipo yako njiani yanakuja. Akaongeza mwendo amalize atoke.

Alikuwa amefika Ileje kwenye ramani aliposikia kiti kinasukumwa.

"Basi, mwacheni," ilisema sauti ya mzee. "Amejieleza, imetosha."

Ikupa aliganda, chaki mkononi.

"Kama ana kosa nifungeni mimi," Mzee Asajile alisema, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wa kwetu wanaosema s penye z. "Mimi selo senu nasijua. Blanketi nimekuja nalo."

Hapo ndipo ilipoeleweka. Emiliani alikuwa ametuma ujumbe wa mdomo kwa mtendaji wa kijiji: Mzee Asajile aombwe kufika Tukuyu Jumamosi, mkwe wake atajieleza mbele ya kamati ya mkoa. Mtendaji naye aliufikisha kitendaji, akaongeza na neno lake: bila kukosa. Kwa vijana wa vilabu, kujieleza ni kuomba kura. Kwa Mzee Asajile neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi alikuwa na kiduka, na ndani ya kiduka sabuni na chumvi ambazo leo zinauzwa barabarani na watoto. Walikuja watu wakamwambia afike ajieleze. Alikwenda na shati lake la kanisani. Alirudi migomba imezaa, imekatwa na imechipua tena, na kifua chake hakijapona mpaka leo. Watu wa Masukulu wote waliijua habari hiyo, na hakuna aliyewahi kumsikia yeye mwenyewe akiisema.

Emiliani, maskini, aliruka kutoka mezani, amevaa tai na koti. Akamwambia mzee asiogope, hakuna kesi hapa, binti anajieleza tu, kisha atarudi nyumbani. Kwa maneno yote yaliyomo katika Kiswahili alichagua hayo. Ndiyo yale yale aliyoambiwa mzee mwaka ule, neno kwa neno. Mzee Asajile alinyoosha mikono yake yote miwili mbele, viganja vimekutana, tayari kwa pingu.

Wakajaribu wengine. Nsajigwa wa Kyela alijaribu kwa Kinyakyusa, naye alikuwa na tai. Kadiri wenye tai walivyozidi kumsogelea ndivyo mzee alivyozidi kutetemeka. Mama Andongwisye alipiga magoti akamwapia. Mzee akamwuliza nani amemtuma.

"Mbona yeye mwenyewe hasemi?" akauliza, hamwulizi mtu yeyote, uso ameuelekeza dirishani asimwone mwanamke asiyepaswa kumwona. "Mbona mmemgeusa ukutani? Na sisi walitugeusa hivyo hivyo."

Ikupa aliyasikia hayo. Mila ile ile iliyomgeuza ukutani ndiyo iliyokuwa ikimtesa mzee wa watu nyuma yake. Alielewa kwamba mle ndani hakuna atakayeaminiwa, hata kama angekuwa mchungaji mwenyewe. Angeaminiwa yeye tu. Na yeye, ili aaminiwe, ilibidi ageuke, amtazame, aseme naye. Alikumbuka daraja. Alikumbuka kanga iliyolowa damu na jinsi alivyoifua peke yake. Akaingiwa na hofu ambayo hajawahi kuipata kliniki wala kokote, akamwambia mtoto kimoyomoyo, nisamehe. Kisha akageuka, akashusha kitenge mabegani.

"Baba," alisema. "Nitazame. Sijakosa kitu. Hawa ni wenzangu, wanataka kunipa uongozi. Leo nalala kwangu Bulyaga."

Mwanamke mmoja huko nyuma aliguna. Mzee aligeuza uso wake polepole kutoka dirishani, akamtazama mkwewe, machozi yakimtiririka kwenye ndevu na mikono bado ameinyoosha.

"Kweli?"

"Kweli, baba."

Akaishusha mikono. Hakutoka, alikaa tena kitini, na Ikupa alimalizia mpango wake akiwa amewaelekea watu, kwa sauti ambayo hakuijua ni ya nani. Kura zilipigwa, akashinda kwa mbali, Nsajigwa akawa wa kwanza kumpa mkono. Wanasema makofi yalikuwa makubwa. Yeye alikuwa anasikiliza tumbo.

Walipotoka, Emiliani alitaka kumsindikiza mzee kwenye gari la Masukulu, akiomba radhi kila hatua. Mzee Asajile alikataa. Alisema hapandi gari lolote mpaka amwone kwa macho yake mkwewe akiingia mlangoni kwake. Basi wakashuka kwenda Bulyaga, mzee mbele na Ikupa nyuma, mbali kidogo, kitenge amekirudisha kichwani. Wameshasemeshana, sawa, lakini kuzoeana ni jambo jingine. Manyunyu yalikuwa yanaendelea na njia inateleza. Mzee hakugeuka hata mara moja. Kila walipokata kona, alisimama akauliza, kana kwamba anasema na njia iliyo mbele yake:

"Upo?"

"Nipo, baba," Ikupa alijibu, na wakaendelea.

Karibu na visima kitu kilimchoma chini ya kitovu. Alisimama, akashika uzio wa mtu, akafumba macho. Ndiyo yenyewe imekuja, aliwaza, na haikuchelewa. Aliingojea damu. Alingoja huku mvua inamdondokea shingoni na hawezi hata kuomba, midomo imekauka. Kile kitu kikachoma tena, kwa wepesi zaidi, kikatulia, kikarudi. Haukuwa mchomo wa maumivu. Akina mama wamemweleza mara ngapi kliniki jinsi inavyokuwa mtoto anapocheza tumboni mara ya kwanza, na yeye huwaandikia tarehe kwenye kadi, lakini hakuwa na hakika. Hakujua kama ni hilo au ni lile lingine. Alibaki ameshika uzio.

Huko mbele mzee hakusikia tena hatua nyuma yake.

"Upo?" aliuliza. Sauti ilikuwa na hofu. Akauliza tena, kwa nguvu. "Upo?"

Ikupa aliachia uzio.

"Tupo, baba," alisema.

Mzee Asajile alisimama palepale. Hakugeuka. Kisha akaanza kutembea tena, taratibu kuliko mwanzo, akiyasogeza kwa buti mawe yaliyokuwa njiani.