Harufu ya Karanga

Kifafa changu kina hodi yake. Inakuja harufu ya karanga zinazoungua kwenye kikaango, halafu mkono wa kushoto unakufa ganzi, halafu sijui tena kitu mpaka nizinduke nina mchanga mdomoni na watu wamesimama mbali. Sasa niambie, mtu wa ugonjwa wa namna hiyo anaolewaje Mlali, huku Kongwa, ambako ukifika mwezi wa tano kila nyumba inavuna karanga na kila jiko linazikaanga? Kaka zangu kule Kikuyu, Dodoma mjini, walicheka sana. Mimi nilimpenda Obedi, basi, nikaja.

Kwa hiyo msimu mzima naishi kwa kuuliza. Nikisikia harufu tu, namgeukia mama mkwe wangu, Zipora.

"Mama, unasikia harufu ya karanga?"

"Naisikia. Ni kwa Rukia jirani."

Hapo ndipo napumua. Siku akisema hapana, natakiwa nikae chini palepale na mtoto awe mbali nami. Mtoto wetu Abeli hata kutambaa hajaanza. Nami, kwa walivyoniambia walioniona, huanguka chali, tena kwa kishindo. Akiwa mgongoni, nitakayemwangukia ni yeye. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kufa kwangu mwenyewe nimeshakuwaza mpaka nimechoka.

Mama Zipora si mtu mbaya. Nasema hivyo leo, lakini kabla ya hapo nilikuwa namsema moyoni kutwa nzima. Kikombe changu cha bati kina msumari wake peke yake ukutani, na kwenye sahani yangu hali mtu mwingine. Anaogopa povu. Anavyoamini yeye, povu la mwenye kifafa likikugusa nawe umeshapata, na huponi. Niliwahi kumwambia nesi amesema hakiambukizi. Akanijibu, "Nesi mwenyewe mtoto wa juzi," akaendelea kumenya karanga zake.

Ndiye aliyenisimulia habari za dada yake. Ilikuwa mchana kweupe, tunamenya, akazungumza kama anayesimulia habari za mbuzi aliyepotea. Dada yake alikuwa na ugonjwa wangu. Alianguka kwenye mafiga, uji ukiwa motoni, na nyumba ilikuwa imejaa watu.

"Mkamtoa?" nikamuuliza.

"Tulisimama," akasema. "Alikuwa na povu."

Niliitazama ile mikono yake inavyomenya, nikajua siku yangu ikifika naye atasimama vilevile.

Basi mwaka huu, katikati ya mavuno, dawa zikaisha zahanati. Ni vidonge vidogo vyeupe, nameza kila jioni. Nesi akasema wanasubiri mzigo, nirudi wiki ijayo. Niliporudi akasema hivyohivyo. Obedi alikuwa Kibaigwa anapakia mahindi kwenye malori, nikampigia simu.

"Gladness, tulia," akasema. "Nitazitafuta huku, Jumamosi nakuja nazo."

Nikasema sawa. Nilipokata simu nikahesabu siku zilizobaki. Kuacha vile vidonge ghafla ni kukiita kifafa kwa jina.

Nikaanza kuogopa vitu vya kijinga. Niliogopa kisima, niliogopa kusimama kanisani. Kijiko kikinidondoka najiuliza, ndiyo hiyo ganzi? Na harufu ndiyo iliyotaka kunitia wazimu, maana kijiji kizima kilikuwa kinanukia karanga kutoka asubuhi mpaka watu wanalala.

"Mama, unasikia harufu?"

"Naisikia, Mama Abeli. Niache nifanye kazi."

"Kweli unaisikia?"

"Nina pua."

Mtoto akawa anabebwa na yeye. Hakuniomba, alinichukulia tu. Wakati wa kunyonyesha nakaa mkekani, nikimaliza anamchukua. Nilimchukia kwa hilo na nikamshukuru, vyote kwa pamoja, na sikumwambia hata kimoja.

Ijumaa kiuno kikamkamata mama, akashindwa kumbeba. Abeli alikuwa anaota meno, analia mpaka sauti inakauka. Nikamlaza, hataki. Nikampakata, hataki. Mtoto akitaka mgongo anataka mgongo. Nikasema namweka kidogo tu, akisinzia namshusha. Nikamfunga kwa mbeleko, fundo kifuani, nikawa natembea taratibu uani kando ya rundo la karanga. Mama alikuwa kwenye kigoda chake anamenya, ananitazama kwa jicho la pembeni. Mtoto akanyamaza. Kichwa chake kikalala katikati ya mabega yangu, kizito, cha moto, na jamani nilifurahi. Nilikuwa na hamu naye mwanangu.

Ndipo ikaja. Karanga, zinaungua.

Nikajikaza. Nikasema ni kwa Rukia. Nikatazama kwa Rukia, hakuna moshi.

"Mama, unasikia harufu ya karanga?"

Akainua pua, akanusa upande huu, akanusa upande ule. Nilimwona anavyoitafuta, anavyotamani aipate.

"Hakuna anayekaanga," akasema. "Rukia yuko shamba."

Mkono wa kushoto ukaenda. Nikalishika fundo kwa mkono wa kulia, halifunguki, nililikaza mwenyewe mtoto asiteleze. Nikataka kukaa, magoti hayakunisikia. Nikataka kusema mchukue mtoto, ulimi ukagoma. Kitu cha mwisho nilichokiona ni mama mkwe wangu amesimama, karanga zinamwagika kutoka mapajani mwake. Nikasema moyoni, haya, naye amesimama.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwa ubavu, ulimi unauma. Nikapeleka mkono mgongoni. Hakuna mbeleko, hakuna mtoto. Ule woga siwezi kuueleza, na simwombei mtu aujue. Nilitaka kuita, sauti haitoki. Nikabaki natazama maganda ya karanga mbele ya pua yangu, nangoja kuambiwa nimemuua.

Kisha nikamsikia. Kilio cha hasira, cha mtoto mzima kabisa. Alikuwa mkekani, hatua chache tu kutoka nilipokuwa.

Chini ya kichwa changu palikuwa na kitenge cha mama, kimelowa povu na damu ya ulimi wangu. Yeye alikuwa amekaa kwenye vumbi. Gauni lake limelowa kifuani, mikono imelowa mpaka viwikoni, na ameinyoosha mbele yake isiguse kitu.

"Nilikudaka," akasema. "Hukufika chini."

Kwa kiuno kile.

"Mama, hakiambukizi. Nakuapia."

"Sawa," akasema, kama unavyomkubalia mtoto. Akaenda kunawa. Akanawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, akarudia sabuni. Abeli alikuwa bado analia, nami sina nguvu za kuinuka, nikamwomba amchukue.

"Angoje mpaka upate nguvu," akasema. "Mimi sasa nisimguse."

Nililia. Nililia palepale chini na yeye hakunikataza.

Jioni Rukia akarudi kutoka shamba, akawasha moto wake. Harufu ikaingia uani kwetu, nzito, ya kweli. Mama akaacha kumenya. Akakaa wima, macho yamemtoka, mkono wa kushoto ameukumbatia kwa wa kulia.

"Mama Abeli," akaniita polepole. "Unasikia harufu ya karanga?"

"Naisikia, mama. Ni kwa Rukia."

"Kweli unaisikia?"

Nikamlaza Abeli salama katikati ya mito ndani, nikarudi nikamshika mama mkono. Alitaka kuutoa, nikaung'ang'ania, tukaenda hivyohivyo mpaka jikoni kwa Rukia akakione kikaango.