Baraka ya Dirisha la Kusini

Kwetu, asubuhi ya Mwaka Mpya, kabla mtu hajagusa pai ya nyama, mtoto wa kwanza hupiga magoti mbele ya baba yake na kumwomba baraka kwa niaba ya ndugu zake wote. Baba asiyeombwa habariki. Wakanada wote wa mtaa wetu mjini Lewiston walifanya hivyo, isipokuwa babu yangu Télesphore.

Yeye akiona mtoto anakunja goti, alichukua shoka akaenda uani kupasua kuni. "Nisichopewa nitakitoa wapi?" alisema. Alipoondoka Beauce, kule Kanada, akavuka mpaka kuja huku kusini kwenye viwanda vya pamba, baba yake alimgeuzia mgongo kwa hasira ya shamba lililoachwa. Babu aliahidi kurudi baada ya miaka miwili. Ikapita arobaini, mzee akafa, na vumbi la pamba likamjaa babu kifuani.

Baba yangu Adélard ndiye mwanawe wa kwanza. Aliomba kila mwaka, mpaka mwaka ule mama yangu alipofariki. Shoka liliposikika uani, alisimama, akakung'uta suruali, akasema haombi tena. Kiangazi kilipofika akaenda mji wa Hartford kutengeneza injini za ndege, akaniacha kwa babu na bibi mpaka atakapotulia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. King'ora cha kiwanda cha pamba alichokuwa akifanya kazi kilipolia jioni, bado nilikwenda langoni kumngoja, nikijua kabisa hatoki. Nilimchukia babu, nasema wazi.

Mwaka Mpya uliofuata, Zéphirin, mdogo wake babu, akaja kwa treni kutoka Kanada. Hawakuwa wameonana miaka yote hiyo.

"Umezeeka, kaka!"

"Na wewe je? Nilikuacha na nywele."

Tulipokaa mezani, Zéphirin akatazama huku na huku. "Mbona hakuna anayeomba baraka?"

"Hapa haiombwi," bibi Exilda akasema. "Mwenye nyumba ana kuni zake."

"Mzee hakunipa," babu akanguruma. "Ulikuwapo, uliona."

"Niliona. Na mengine niliyaona." Zéphirin akaweka uma chini. "Kila Mwaka Mpya, akishatubariki sisi, anakwenda kwenye dirisha la kusini, anainua mkono tena. Mama anamuuliza, unambariki nani huko, ng'ombe? Anasema, nambariki yule mkaidi."

Babu alikuwa ameacha kutafuna. "Miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu. Mpaka alipokufa."

"Na hamkuniandikia!"

"Si ulisema unarudi? Mzee alitaka uje uone mwenyewe. Tukangoja."

"Wapumbavu," babu akasema. "Wapumbavu nyote, na mimi ndiye mkubwa wenu." Machozi yakamtoka mbele yetu, wala hakuyafuta.

Akainuka. Nilidhani anafuata shoka. Akaenda dirishani, upande wa Hartford, akainua mkono hadi begani, kisha akaushusha.

"Dirisha halifikishi kitu." Akanigeukia. "Lucienne, vaa koti."

"Baba hamfuati mtoto," Zéphirin akamwambia. "Mtoto ndiye huja kuomba."

"Ndiyo. Na ona tulipofika."

"Na pai yangu je?" bibi akauliza.

"Ifunge, tunakwenda nayo."

Tulifika Hartford kwa treni giza likiingia. Baba alikuwa amepanga chumba ghorofa ya tatu. Babu alipumzika kila baada ya ngazi chache, akikohoa, pai kwapani, na kila nilipotaka kumshika mkono aliniambia nisimfanye mgonjwa. Mimi nilitamani kukimbia juu peke yangu. Niliogopa baba atafunga mlango.

Alifungua akiwa na fulana tu. Akanitazama mimi, kisha baba yake.

Babu akavua kofia. Sijawahi kumwona akimvulia mtu kofia ila padri. "Niombe, Adélard," akasema, akihema. "Niombe tena, mwanangu. Safari hii sikuja na shoka."

Baba akampokea ile pai. Akanipa mimi, akapiga magoti palepale kizingitini. Babu akainua mkono, na maneno aliyakosea mara mbili, maana hakuwahi kuyasema.

Alipomaliza, niliweka pai sakafuni. Mimi nami ni mtoto wa kwanza. Kabla baba hajainuka, nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba.