Gundu la Lorna kwenye Fainali

Kwenye ukoo wa Vasek kuna amri moja: Cedar Fork, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chetu, ikicheza, mimi sitazami. Ilianza siku niliyokaa sebuleni na chuo chetu kikafungwa mechi ambayo kilikuwa kimeshaitia mfukoni. Msimu uliofuata, vilevile. Tangu hapo mume wangu Duane na mdogo wake Rudy hunifukuzia gereji kila Jumamosi, nikae kwenye kiti cha kukunja kando ya friza. Upuuzi mtupu, ila nami niliuamini kidogo.

Kisha mwanetu Tate akawa mpiga mateke wa Cedar Fork, na tukafika fainali dhidi ya Marlow, mabingwa watetezi, vijana wenye mabega mapana kama milango ya ghala.

"Mama, safari hii unakaa uwanjani," aliniambia. "Nataka nikiinua macho nikuone."

"Na ukikosa?"

"Hapo ndipo nitataka kukuona zaidi."

Duane alinuna njia nzima hadi Texas, kulikochezwa fainali. Tulipofika akanibembeleza nibaki kwenye maegesho, penye jiko la soseji, na mimi mjinga nikakubali. Nilikuwa nageuza soseji redio ya jirani ilipotangaza: Marlow wako mbele kwa pointi mbili, sekunde zinakwisha, Vasek anaingia kupiga teke la kuamua ubingwa. Likipita kati ya nguzo, pointi tatu ni zetu.

Nilitupa uma nikakimbia. Kama ni gundu, basi na liingie.

Duane aliponiona alishika kichwa. "Lorna, nakuomba! Si sasa hivi!"

"Sogea huko. Nimemzaa mimi." Nikaketi kando yake.

Tate akapiga. Mpira ukapinda, ukapita nje ya nguzo.

"Si nilisema!" Rudy alipiga kelele nyuma yetu. "Mtoeni huyu mama!"

Nikasimama huku machozi yakinitoka. Nilijichukia. Lakini kule chini waamuzi walikuwa wakipunga mikono: kocha wa Marlow alikuwa ameomba mapumziko kabla tu ya teke, ule ujanja wao wa kumsubirisha mpigaji mpaka miguu iingie baridi. Teke halikuhesabiwa. Angefunga mdomo wake, kombe lingekuwa lake.

Nilianza kuondoka hata hivyo. Duane akanidaka mkono wa sweta. Tate alikuwa amevua kofia ngumu, anatafuta kwenye safu zetu.

"Kaa," Duane alisema.

"Na gundu?"

"Kaa, mke wangu. Mtoto anakutafuta."

"Duane, umerogwa?" Rudy alifoka.

"Nenda ukachome soseji, Rudy."

Niliinua mikono yote miwili. Tate akaniona, akavaa kofia yake. Safari hii mpira ulipita katikati ya nguzo, na sikumbuki nilipiga kelele gani.

Uwanjani alinikumbatia akinuka jasho na majani. "Nilipokosa nilidhani umeondoka."

"Nilishasimama," nikamwambia ukweli. "Baba yako ndiye aliyenishika."

Tate alimgeukia baba yake. Duane alikuwa analia waziwazi, hata hajifichi.

"Kile kiti cha gereji," alisema akijifuta pua, "tukifika nyumbani nitakiingiza sebuleni mwenyewe."