Kichaka Alichokisafisha Yohane

Yohane alifyeka kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Shemeji yake Esnath, mjane wa marehemu kaka yake, alikuwa ameacha ukanda wa ardhi kando ya kijito huko Kawetele, kati ya migomba yake na msitu wa mlimani. Miaka mitatu hakuutia jembe. Miti ya asili ilirudi, mitambazi ikaifunga pamoja, na kipunji, wale kima wa manyoya marefu, wakaanza kushuka humo kufuata matunda. Kwa kuuacha hivyo serikali ilimlipa ruzuku kila mwaka. Ruzuku hiyo ndiyo iliyompa nguvu ya kuwakatalia waliotaka kuukodi walime viazi.

Siku moja kabla ya ukaguzi wa ruzuku, Esnath alikuwa Igogwe hospitali, akimuuguza binti yake aliyejifungua. Yohane alikitazama kile kichaka, akaona aibu. Mgeni wa serikali akute vile? Kwao hata chini ya migomba hufagiliwa mpaka ukaweza kulaza mtoto. Akachukua panga. Kufika jioni alikuwa amefyeka nusu ya ukanda, amekata mitambazi, amefagia majani na kuyachoma. Akalala na furaha yake.

Asubuhi Esnath alifika pamoja na Beatrice, afisa wa wanyamapori, aliyekutana naye njiani. Alipoona, alisimama.

"Nimekusafishia, shemeji," alisema Yohane kwa Kinyakyusa, lugha ambayo afisa hakuijua.

"Naona. Hata majani umefagia."

Beatrice aliinama, akaokota kipande cha mtambazi. "Baba, hili lilikuwa daraja lao. Kipunji hapendi kutembea chini. Na serikali ilikuwa inalipia hiki hiki kilichochomwa."

Yohane alimvuta shemeji yake pembeni, akamnong'oneza kwa Kinyakyusa, "Mwambie ni watu wa kuni."

"Watu gani? Wana majina?"

Esnath akamgeukia afisa. "Mwanangu, aliyekata ni wa nyumbani kwangu. Kosa ni langu, sikumweleza. Nilidhani ninachokijua mimi, na yeye anakijua. Andika hivyo."

Beatrice aliandika. Malipo ya mwaka huo yangesimama. Angerudi masika yakiisha: pakichipua, ukanda utaendelea, pakilimwa, utafutwa.

Basi Yohane akapewa kazi: asiguse kitu, na asimruhusu mtu aguse. Hakuwahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Magugu yalipofika magotini, mikono ilimwasha. Wapita njia nao hawakumwacha.

"Yohane, umeacha kulima, au jembe limekuacha?" aliuliza jirani yake Asajile.

"Nalinda."

"Unalinda magugu?"

"Ndiyo. Yasitoroke."

Mwezi Aprili mfanyabiashara wa viazi kutoka mtaa wa Bagamoyo, pale mjini Tukuyu, alikuja na ahadi ya kulipa msimu mzima papo hapo. Yohane alikuwepo. Alijua shemeji yake ameuza mbuzi ili kumtunza binti yake aliyejifungua, na alijua ni kwa sababu ya nani. Esnath alimkaribisha mgeni ndizi za kuchoma, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ardhi hiyo ina wenyewe, baba. Bado hawajarudi." Hakumtazama Yohane. Mgeni akamaliza ndizi, akaondoka.

Mwezi Juni Beatrice alirudi. Waliupita ukanda wote kwa miguu bila haraka. Machipukizi yalikuwa yamempita mtu kimo, na mitambazi michanga ilishapata pa kushika. Karibu na kijito walikuta matunda yaliyomegwa nusu, maji yake hayajakauka, na juu yao tawi lilikuwa likitikisika ingawa hapakuwa na upepo. Beatrice alitazama juu. Kisha akafungua fomu.

"Ukanda unaendelea, mama. Nani aliulinda?"

"Huyu hapa," alisema Esnath. "Miezi yote hii amekaa bila kufanya kitu. Mimi kujifunza kazi hiyo kulinichukua mwaka mzima."