Sahihi ya Kupokelea Kompyuta

Auleria alikuwa msimamizi wa chumba cha mashine katika shirika moja la umma kule Temeke, na kwa miaka sita hakuna kadi ya mashine za hesabu iliyotobolewa vibaya iliyompita. Ndiyo maana kompyuta mpya ilipofika, hati ya kupokelea ililetwa kwake.

Makasha yalikuwa bado yamepigiliwa misumari. Kuyafungua kulikuwa mwiko, kwa sababu mgeni rasmi angekuja Jumamosi kuyafungua mwenyewe mbele ya tawi la Chama na kikundi cha ngoma. Lakini bohari waliitaka hati siku ile ile. Auleria akasema hawezi kuthibitisha kitu ambacho hajakiona. Mkuu wake wa idara, Revelian, ambaye aliiagiza mashine bila kumuuliza neno mtu yeyote wa chumba kile, akacheka na kumvika kilemba cha ukoka: shirika zima hakuna mtu makini kama yeye.

"Tia sahihi, dada. Likitokea la kutokea, mie nipo."

Tunu, mpiga chapa, alikuwa amekaa pale pale akisikia yote. Auleria akatia sahihi: vimepokelewa, kamili.

Jumamosi mgeni akang'oa msumari mmoja, watu wakapiga vigelegele. Jumatatu ikaonekana kwamba ndani ya makasha, mahali pa tepu za programu, mna vitabu vya maelezo tu. Bila programu, mashine ile ilikuwa kabati la bei mbaya. Wauzaji wa Ulaya wakajibu kwa mstari mmoja kwamba hati yenu inasema kamili.

Kamati ya shirika ikakaa kuchunguza. Auleria akaeleza ilivyokuwa. Revelian akasikitika kwa adabu, akasema Ndugu Auleria ni mchapakazi, ila siku hizi anachoka. Mzee mzima alikuwa anamwangushia mwenzake jumba bovu bila hata kupepesa jicho. Auleria akaomba Tunu aitwe.

Tunu akaja, macho chini. Mwenyekiti akamuuliza alisikia nini siku ile.

"Nilikuwa nimetoka kufuata chai."

Auleria hakumlaani. Tunu alikuwa na watoto watatu Kimara, na Revelian ndiye aliyekuwa akiandika ripoti yake ya kazi kila mwaka. Kilichomzuia hata kumwita mwongo ni kwamba mwaka juzi kamati kama hii ilimwita yeye kuwa shahidi wa Kornelio wa bohari, na yeye naye akasema hakusikia kitu.